Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Juzi binti wa marehemu shangazi yangu Koleta alinijia hapa nyumbani Songo, Uvira, na kitu kimefungwa katika kipande cha kitenge. Hakukaa hata. Aliniwekea magotini, akasema mama yake kabla hajafa aliagiza kitu hicho kiletwe kwangu, kisipewe mtu mwingine. Mimi sipokei kitu bila kukichunguza, ndivyo nilivyo, na nimezeeka hivyo. Nikatazama lile fundo, nikamtazama yeye, nikamwambia, "Fungua weye mwenyewe." Akacheka. "Ee mama! Hata minye unaniogopa?" Akafungua.

Kilikuwa kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu, vile ambavyo nyinyi wa rika langu mlinywea uji asubuhi kabla ya kwenda shamba. Karibu na mkono wa kikombe rangi ilikuwa imebanduka, doa jeusi lenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Na kwenye mkono kulikuwa na uzi, zamani ulikuwa mwekundu, sasa umekuwa wa rangi ya udongo. Nilikinusa. Kilinuka moshi wa jikoni, baada ya miaka yote ile. Nikaanza kulia kama mtoto, na yule binti akadhani namlilia mama yake. Nikamwacha adhani hivyo.

Alikuja na swali pia. Wajukuu wamekubaliana kulitengeneza kaburi la babu yetu kule Nyakabere kwa sementi, na kwa kuwa bibi yetu alizikwa mbali, wanataka jina lake liandikwe hapo hapo, kando ya la mume wake. Wametafuta maneno: "Mke, mama na koko mpendwa." Koko kwetu ni bibi. Wananiuliza mimi kama yanafaa, kwa sababu nimebaki peke yangu niliyekula mkononi mwake. Mpendwa! Neno zuri, silikatai. Lakini kulikuwa na majira mamoja, meno yangu mawili ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, ambapo nilimwogopa huyo mpendwa kuliko mamba wa mto Ruzizi.

Mama alikuwa amejifungua mapacha hapa Uvira, basi baba akanipeleka Nyakabere kwa wazazi wake ili nyumba ipumue. Bibi tulimwita Koko. Babu tulimwita Sogokuru, kwa Kirundi chake. Nyumbani alibaki Shangazi Koleta tu, mtoto wao wa mwisho, naye alikuwa amechumbiwa na kijana mvuvi wa Makobola. Kila kitu nyumbani mle kilizunguka ndoa hiyo. Ndizi za pombe zilikuwa zinahesabiwa mikungu ingali juu ya migomba.

Koko alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mikono mirefu, mpole lakini mwenye ulimi. Sogokuru alikuwa mtu wa utani. Kila jioni Koko alipomwekea bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, mbele yake, alikunja uso, akauliza kwa sauti ya hakimu, "Umeonja?" Na Koko alijibu, "Nimeonja." Ndipo alipokula. Ulikuwa mchezo wao tangu ujana. Lakini ulikuwa na mzizi, maana kwetu anayekupa pombe au chakula ndiye anayetangulia kuonja, umwone akimeza. Asipoonja, weka chini uende zako. Hata leo mtu akinipa chupa ya soda iliyokwisha kufunguliwa, naishika tu mkononi mpaka wageni waondoke.

Sasa sikilizeni nilichokiona mwaka ule.

Kwanza, Koko aliacha kuonja. Zamani alilamba mwiko, akafumba jicho moja, akaongeza chumvi. Sasa aliniita mimi: "Felista, kuya uonje. Iko chumvi?" Nikaonja, nikasema iko. Siku za mwanzo nilijivuna kwa kazi hiyo. Pili, alianza kula peke yake jikoni, baada ya sisi wote kumaliza. Tatu, kikombe hiki. Alikifunga uzi mwekundu, akakitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, akaniambia, "Hii usiishike. Unasikia? Hata kama kiu inakuua, usiishike." Na jioni, Sogokuru alipouliza, "Umeonja?", hakujibu tena vile. Alisema tu, "Kula." Sogokuru alimtazama kidogo, kisha akala.

Huenda yote yangepita bila mimi kuyashona pamoja, kama si jirani yetu Mama Nabintu. Alikuja kuomba moto siku moja, akamwona Koko ameketi jikoni peke yake na sahani yake. Alipotoka alinikuta mlangoni, akasema, bila kunitazama, "Muntu anayekula peke yake iko kitu anaficha. Kikulacho ki nguoni mwako, mutoto." Akaenda zake na moto wake. Mimi nikabaki na wangu.

Tangu siku ile nikawa mpelelezi. Nilimwona akitoa karatasi iliyokunjwa kutoka kwenye pindo la kitenge, akamimina unga mweupe katika kikombe chake, akakoroga kwa kijiti, akageukia ukutani. Nilimwona mchana, jua likiwa kali, watu wote wamelala kivulini, akienda nyuma ya migomba na jembe na kopo lenye majivu, akachimba, akamwaga, akafukia, akakanyaga kwa mguu. Nilimwona akihamishia mkeka wake jikoni, eti Sogokuru anakoroma. Alikuwa anakohoa, ndiyo, lakini ni mwanamke gani wa jikoni asiyekohoa? Moshi ni moshi. Na wiki ile ile jogoo wetu akafa. Alipinda shingo, akazunguka mara mbili uani, akaanguka. Koleta akasema ni ugonjwa wa kuku, hata kwa jirani wanakufa. Mimi nilijua zaidi. Jogoo yule alikuwa anapenda kuchakura nyuma ya migomba.

Neno lilikuwepo, nalo nililijua: karuho, ile sumu ya pole pole ambayo watu wazima waliitaja kwa kunong'ona. Nikaelewa kwa nini haonji. Nikaelewa pia kwa nini ananionjesha mimi.

Nilikonda. Nilikuwa naonja mchuzi, kisha nakimbia nyuma ya nyumba kuutema. Koko aliniuliza, "Mutoto wangu, uko na nini?" Akanishika paji la uso kwa mgongo wa mkono, uso wake ameugeuzia pembeni. Kugeuza uso kule nako nilikuweka kwenye hesabu yangu.

Basi wakwe wa Makobola wakamtuma kwetu mdogo wake bwana harusi, msichana wa umri wangu, jina lake Anyesi, akae siku tatu, eti atusalimie. Kila mtu alijua maana yake. Mtoto akienda kwa watu anarudi na habari zote: wanakula nini, wanagombana au hawagombani, mama wa nyumba ana mkono gani. Koleta aliniita kando, akanipa kipande cha muwa. "Felista, umuchunge vizuri. Usiseme ovyo. Ndoa yangu iko mukononi mwako." Nikaapa kwa msalaba.

Siku mbili nilinyamaza. Siku ya tatu tukawa tunaosha vyombo kwenye mfereji, Anyesi akauliza, "Kile kikombe chenye uzi ni cha nani?" Jamani, siri ya mtoto ni maji kwenye kikapu. Nikamwambia yote. Unga, jembe, jogoo. Nikasema, "Koko haonji kitu. Minye ndio naonja." Anyesi akaacha kuosha. Siku ile hakula bugali yetu. Alisema tumbo limejaa, na kesho yake akarudi Makobola na habari yake.

Siku ya kuleta posa wakaja watu wengi, wamevaa vizuri, na samaki wakubwa wa ziwa katika vikapu. Mama wa bwana harusi alikuwa Mama Asende, mwanamke mnene, mwenye macho matulivu. Koko alikuwa amepika kasiksi yeye mwenyewe, pombe ya ndizi ambayo harufu yake ilifika mpaka barabarani. Mtungi ukawekwa katikati ya uwanja, mrija mmoja ndani yake, ule ambao mwenye pombe anavuta kwanza, kisha unapita kinywa hadi kinywa. Watu wakakaa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mama Asende akasema, kwa adabu kabisa, "Mama, aksanti kwa pombe. Lakini kwetu Makobola, yule aliyeipika anaonja mbele."

"Hata kwetu," akasema Sogokuru.

"Basi mama aonje."

Koko akasimama. Alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Akapiga hatua mbili kuelekea mtungini, akasimama tena. Nilimwona akiutazama mrija, kisha akamtazama Mama Asende, kisha watoto wa wakwe waliokuwa wamekaa mbele, Anyesi katikati yao. Koleta, ndani mlangoni, alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Siwezi," akasema Koko.

Hakueleza. Hakusema tumbo, hakusema kichwa. Siwezi, basi. Mnong'ono ukapita uwanjani. Mjomba mmoja wa Makobola akaanza kutafuta fimbo yake chini. Mama Nabintu, ambaye hakualikwa lakini alikuwepo, akasema kwa sauti ya kutosha, "Lisemwalo lipo." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Nilijiona mwenye akili kuliko watu wazima wote.

Sogokuru akainuka. Alikuwa na goti bovu, na kuinuka kwake kulikuwa kazi. Akatembea mpaka kwenye mtungi, akapiga magoti, yeye mzee, mbele ya wakwe, akashika mrija, akavuta. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Alipoinua kichwa alikuwa anahema.

"Tangu namuoa huyu mwanamuke," akasema, "kila jioni namuuliza, umeonja? Watu wanafikiri naogopa. Haki ya Mungu, sijangojaka jibu hata siku moja. Nauliza nipate kusikia sauti yake tu. Kama iko sumu humu, iniue leo mbele yenu, nitakufa nimeshiba."

Kisha Mama Asende akacheka, cheko la tumboni, akatambaa kwa magoti na unene wake wote mpaka mtungini, akachukua mrija ule ule akanywa. Mjomba akaacha fimbo yake. Vigelegele vikapigwa. Ndoa ikapona. Nilitafuta uso wa Koko kati ya watu, sikuuona. Alikuwa amekwenda jikoni.

Lakini mimi nilijua kazi ya karuho. Haiui papo hapo. Sogokuru alipolala kwenye mkeka wake kivulini, pombe imemzidi, wageni wangali wanacheza ngoma, nilikwenda nikakaa kando yake. Nilishika kidole chake cha mguu. Kila akikaa kimya baada ya kukoroma, niliweka sikio kifuani kwake. Nikalia, nikasali Salamu Maria zote nilizozijua, yaani moja na nusu.

Koko akanikuta hapo.

"Unafanya nini, Felista?"

"Ninamuchunga asikufe."

"Akufe na nini?"

Nilitazama kuelekea jikoni, kwenye mlango, ambako nyuma yake kulikuwa na ule msumari. Mtoto hajui kuficha macho. Koko akafuata macho yangu. Nikaona jinsi alivyoelewa, kidogo kidogo: jogoo, Anyesi, mchuzi niliokuwa nautema, "Siwezi" yake mbele ya watu na kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza aibu ile. Nilingoja anifokee. Hakufoka. Alikaa chini, mbali nami, hatua nne au tano, akafunika mdomo kwa kitenge, na mabega yake yakawa yanatikisika. Sikujua kama anakohoa au analia. Mpaka leo sijui.

Koleta alikwenda kwa mume wake Makobola kwa nyimbo. Siku chache baadaye, Koko akafunga kifurushi chake. Tuliambiwa anakwenda kumwuguza ndugu yake, mbali, milimani. Kamyo la mizigo lingemchukua barabarani asubuhi. Sogokuru alikuwa amekaa mlangoni, hana utani hata mmoja.

Sasa, nilikuwa nimewaza siku zote zile. Sogokuru hakufa. Mama Asende hakufa. Hata mjomba yule mwenye fimbo alirudi kwao mzima. Kwa hiyo nilikuwa nimekosea, na nilitaka Koko ajue kwamba najua nimekosea, kabla hajaondoka. Lakini maneno ya kuomba msamaha mtoto anayatoa wapi? Nilifikiria kitu ambacho kwetu kinazidi maneno. Nikaenda jikoni, nikatoa kikombe msumarini. Kilikuwa na maji kidogo aliyobakiza. Nikatoka nacho uani, nikasimama mbele yake ili aone vizuri, nikakipeleka mdomoni.

Alinipiga kofi. Koko, ambaye hajawahi kunigusa ila kwa kunipaka mafuta. Kofi la mkono mzima, likanigeuza uso, kikombe kikaruka kikagonga jiwe la kusagia, rangi ikabanduka hapa karibu na mkono. Alinishika kidevu, akanipanulia mdomo kwa vidole, macho yamemtoka, akawa anauliza, "Umemeza? Umemeza, Felista? Sema!"

Nikasema moyoni: kumbe. Kumbe ni kweli.

Nikajinasua nikakimbilia migombani. Nilijificha nikingoja kufa, maana tone moja lilikuwa limepita kooni. Nilisikia kamyo likiunguruma barabarani. Nilimsikia akiniita. "Felista! Kuya uniage! Felista we!" Aliita mara nyingi. Dereva akapiga honi. Sikutoka. Nilitoka jua lilipopanda, nikiwa sijafa na nina njaa, na uani alikuwapo Sogokuru peke yake, anasugua kikombe kwa majivu.

Koko hakurudi. Alizikwa kulekule.

Nilikuwa nimeshakuwa mke wa mtu nilipoambiwa. Baba yangu ndiye aliyeniambia, tukiwa tunamenya mihogo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba mimi najua. Kwamba munganga wa dispensari alikuwa amemwambia Koko ana kifua kikuu, na aende hospitali ya wagonjwa wa kifua siku ile ile. Koko akamwomba, "Uniache niozeshe mutoto wangu kwanza. Nyumba yenye kifua hakuna anayeoa." Munganga akamwonya: kikombe chake mwenyewe, mwiko asilambe, mrija asishiriki, makohozi ayafukie na majivu, asipumulie watoto. Akampa dawa ya unga anywe, akamwambia asifikirie kupona kwayo, ni ya kumpunguzia tu. Alitunza masharti yote bila kumwambia mtu, hata mume wake. Sogokuru alijua baada ya harusi. Siku ile ya mtungi alikunywa bila kujua lolote.

"Angeonja tu," nikamwambia baba. "Mara moja. Nani angejua?"

Baba akaacha kumenya. "Angejua yeye," akasema.

Wote waliovuta mrija ule walizeeka. Koleta amekufa majuzi, bibi mwenye vitukuu. Mimi, niliyeambiwa nionje chumvi kwa kuwa mate yangu hayakuwa na kitu, nipo hapa na meno yangu machache. Nimempigia simu binti wa Koleta nikamwambia waandike mpendwa, wasibadilishe neno. Akauliza, "Uko na hakika, mama?" Maana ananijua kwa mashaka yangu. Nikamwambia nina hakika.

Kisha nikafunga mlango. Nikajaza maji katika kikombe, nikashika pale penye uzi, nikanywa mpaka tone la mwisho. Hakuna aliyenipiga.